Mkalimani Amesahau

Mahakamani walimwita Kasuku, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa alisimama kando ya kizimba akifasiri maneno ya watu wasioijua lugha ya mahakama. Mshtakiwa akisema "nilikuwa shambani", Kasuku naye husema "nilikuwa shambani". Hasemi "anasema alikuwa". Ndiyo kazi yenyewe hiyo: ukisimama pale, "mimi" si yako. Ukiwa na lako la kusema, unajitaja kama mtu baki: "Mkalimani anaomba arudiwe." Wakalimani wapya wote aliwafundisha hivyo, na aliyekosea alikaripiwa mpaka akaona haya.

Basi ikaja saratani ya titi. Madaktari wakalikata, wakamtia dawa za mshipani miezi sita, nywele zikaenda zikarudi, na daktari aliposema saratani haionekani tena, nyumba nzima ilishangilia. Hakuna aliyeuliza kichwa kimebaki na nini. Maneno yalimponyoka. Aliingia jikoni akasimama katikati, hajui alichofuata. Alipomwambia mumewe, mume akacheka: "Mke wangu, hata mimi nasahau. Uzee huo! Si umepona? Shukuru." Daktari angalau hakucheka. Alisema dawa zile huwafanya hivyo baadhi ya wagonjwa, na wengi hupata nafuu, lakini lini, hajui. Ashukuru nini sasa, na kichwa ndicho kilichokuwa kazi yake?

Siku aliyorudi kazini aliwekewa shauri la mama mmoja mjane, aliyeshtakiwa kuchoma ghala la shemeji yake. Karani akasoma shtaka, Kasuku akalifasiri vizuri tu. Hakimu akauliza, ni kweli au si kweli? Mama yule akamwaga yote kwa lugha yake: moto ulianzia kwenye waya, yeye alikuwa kisimani, shemeji anataka ahame tu. Kasuku alisikia kila neno. Alipofungua mdomo, hapakuwa na kitu.

Hakimu akasubiri, kalamu mkononi.

"Nimesahau," Kasuku akasema. "Samahani, Mheshimiwa. Ni kosa langu."

Hakimu akainama, akaandika. "Mshtakiwa amekiri kosa," akasoma kwa sauti, "na ameomba radhi."

Lo! Mle ndani hamkuwa na mwingine aliyeijua lugha ya yule mama. Kasuku angenyamaza, nani angejua? Kazi yake ingebaki, na wangeendelea kumwita Kasuku. Mama mwenyewe alikuwa akimtazama kwa matumaini, hajui kwamba ameshatiwa hatiani kwa mdomo wa mtu mwingine. Kasuku alijichukia kwa kule kusita kwake, akamchukia na mumewe, na wote waliomwambia amepona.

"Mheshimiwa," akasema, "aliyesahau si mshtakiwa. Ni mkalimani. Mkalimani alitibiwa saratani, na dawa zimemharibia kumbukumbu. Mshtakiwa hajakiri chochote. Mkalimani anaomba maneno hayo yafutwe."

Hakimu akayafuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Kasuku zaidi. Akampa pole, kisha akaamuru shauri liahirishwe mpaka apatikane mkalimani mwingine, na huyu asitumike tena katika mahakama yake. "Mweleze mshtakiwa," akasema, maana nani mwingine angemweleza? Kasuku akaifasiri amri ya kufukuzwa kwake mwenyewe, na safari hii, haki ya Mungu, halikumponyoka hata neno moja.

Mama akasikiliza, akamkagua toka juu mpaka chini, akajibu kwa kifupi.

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

Kasuku akanyoosha mgongo, mikono nyuma.

"Afadhali, Mheshimiwa," akasema. "Naomba niletewe mtu mwenye akili zake timamu."