Skafu ya Bibi Ottilie

Mlango wa Opera ulipofunguliwa, watu themanini waliokatazwa kukimbia walianza kutembea kama wamebanwa na haja. Vlasta alikuwa wa nne. Kiwiko kimoja alikibana ubavuni, kingine alikiachia kijitafutie njia, akapanda ngazi sita, akakata kushoto, na alipofika kwenye ukingo wa mbao, safu ya mbele ya wanaosimama, skafu ya kijani ilikuwa imeshamtoka shingoni. Akaifunga ukingoni fundo moja. Nafasi ya tatu kutoka kwenye nguzo.

"Ungechelewa kidogo tu, dada, ningekuonea huruma kutoka mbele," alisema Mzee Wenzel, akifunga yake, ya kahawia, iliyoanza kuliwa na nondo.

"Umenikanyaga kule kwenye ngazi."

"Mimi? Nimeendesha tramu miaka thelathini na mmoja sijamkanyaga mtu, nije nianze na wewe?"

Vienna ina sheria za kila kitu, hata saa za kufua nguo. Lakini huku nyuma ya ukumbi wa Opera, kwa watu wanaolipa sarafu chache ili wasimame, sheria ni moja: skafu ikishafungwa, mahali pana mwenyewe. Nenda kanywe kahawa, nenda kagombane na mumeo, ukirudi utapakuta. Mkoba hauheshimiwi. Gazeti linachekwa. Mtalii mmoja aliwahi kufungua skafu ya mtu akatundika koti lake. Hakuna aliyemfokea. Walimtazama tu, wote kwa pamoja, mpaka akaondoka mwenyewe.

Skafu ile haikuwa ya Vlasta. Ilikuwa ya Bibi Ottilie, aliyekuwa akiunganisha simu za watu posta, na aliyesimama kwenye nafasi hiyo ya tatu miaka hamsini na miwili mpaka nyonga ilipovunjika. Vlasta aliletwa na nyonga hiyo. Alitoka Slovakia, baada ya kiwanda cha viatu alichofanyia kazi tangu usichana kufungwa, akapewa chumba kidogo nyuma ya jiko na kazi ya kumwogesha bibi, kumlisha, kumvika soksi, kumnyanyua kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kitandani. Wiki ya tatu bibi alimpa skafu.

"Nenda ukasimame," alimwambia. "Miguu yangu imestaafu, yako bado ina mkataba. Ukirudi unisimulie."

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa baleti ya binti wa mwenye kinu: anazama mtoni siku ya posa, kisha anarudi kumtafuta mchumba wake. Vlasta aliona ni adhabu. Ilipofika mapumziko, miguu yake ilikuwa na haki ya kufungua kesi mahakamani. Akatoka, akala soseji na haradali kwenye kibanda cha nyuma, akapanda tramu akarudi nyumbani.

"Mwisho ikawaje?" bibi akamuuliza.

"Wakaoana."

"Mwanangu, kwenye baleti ile haolewi mtu. Na una haradali kwenye kola."

Tangu hapo, miaka minne, Vlasta hakuwahi kutoka kabla pazia halijashuka. Na katika miaka hiyo kitu kilimpata, akawa anakificha kama wengine wanavyoficha chupa: aliipenda baleti. Dada yake kule kwao alimcheka kwenye simu. "Unalipa ili usimame? Kiwandani tulisimama bure, na mshahara tukapewa juu."

Kilichomnasa ni kunyanyua. Siku moja mwanamume alimnyanyua mcheza baleti juu ya kichwa chake, ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa uzuri ule, lakini Vlasta aliangalia magoti. Akaona yamekunjwa kwanza. Akaona mkono umeshika chini ya mbavu, si kwapani, na kwamba yule msichana hakungoja kubebwa bali alisukuma sakafu mwenyewe kwa wakati uleule. Hii kazi naijua, alijiambia. Kesho yake alimnyanyua Bibi Ottilie vile vile, moja, mbili, na bibi akapaa kutoka kitandani bila kulalamika. "Leo umenibeba kama mtu wa jukwaani," alisema. "Jana ulinibeba kama gunia la viazi."

Wiki hii baleti ya binti wa kinu ilikuwa imerudi, mara ya kwanza baada ya miaka minne, na leo ilichezwa mchana. Na leo hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni, Sieglinde, mpwa wa bibi, angekuja na gari kumpeleka kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya milima. Sanduku la Vlasta lilikuwa limeshafungwa. Wakala wa kazi alikuwa amempatia mzee mwingine wa kumtunza, kijijini, mahali ambapo muziki pekee ni tarumbeta za bendi ya wazima moto.

Hakuna wa kulaumiwa. Msimu huu wa baridi bibi alianza kuweka miwani kwenye friji. Siku nyingine alimwita Vlasta kwa jina la mama yake aliyekufa zamani. Lakini muziki ulikuwa bado umo ndani. Ukipiga kipande vibaya kwa mluzi, alikurekebisha, na asubuhi hii alipokuwa akifungwa vifungo vya blauzi alisema, macho yake yakiwa safi kabisa, "Leo ni ile ya kinu. Usiniletee haradali."

Vlasta alicheka mpaka akakosea kifungo. Akamwacha bibi na Bi Traudl, jirani wa chini, akakimbilia foleni. Alitaka jambo moja tu: amletee mwisho ule, wa kweli, angali yupo wa kuupokea.

Taa zilizimika. Binti wa kinu alicheza na kitambaa cha posa, akateleza, akazama ndani ya mto wa nguo za buluu zilizokuwa zikipeperushwa kutoka pande mbili. Vlasta aliegemea skafu kwa viganja vyote viwili. Hakusikia miguu hata kidogo.

Mapumziko, aliwasha simu. Bi Traudl alikuwa amepiga mara tano.

"Mpwa amefika mapema," alisema Bi Traudl, bila salamu. "Anasema theluji inakuja, barabara ya mlimani itafungwa. Wanafungasha. Bibi anauliza umekwenda wapi."

"Mwambie nusu saa."

"Nimemwambia. Ananiuliza tena."

Mzee Wenzel alikuwa akimenya chungwa. Alimtazama usoni mara moja, akaacha kumenya.

"Nenda," alisema.

"Imebaki nusu ya pili tu. Sijawahi kuiona, Wenzel. Miaka minne."

"Basi nitakusimulia mimi."

"Wewe hulala."

"Nalala kwenye opera. Kwenye baleti nafumba macho tu." Alimsukuma bega taratibu. "Skafu iache. Hakuna atakayeigusa. Nenda, dada."

Tramu ilikwenda kama inayosindikiza maiti. Vlasta alisimama mlangoni ingawa viti vilikuwa vitupu. Alipokata kona ya mtaa, gari lilikuwa limeshawashwa na theluji ya kwanza ilikuwa ikiyeyuka juu ya boneti. Sieglinde, mwalimu mwembamba mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, alikuwa amemshika shangazi yake makwapani akimvuta atoke kwenye kiti cha magurudumu, na bibi alikuwa akilia kwa sauti ndogo.

"Ningefanyaje?" alisema Sieglinde alipomwona. "Niambie, ningefanyaje?"

"Subiri kidogo, mwalimu."

Vlasta alikunja magoti. Akapitisha mkono chini ya mbavu. "Bibi, sukuma chini. Moja, mbili." Kilo arobaini na moja ziliinuka kutoka kitini, zikageuka nusu mzunguko juu ya theluji, zikashuka kwenye kiti cha gari bila kishindo. Bi Traudl aliyekuwa mlangoni na mto mkononi alisahau alitaka kuuweka wapi.

Bibi Ottilie alinyamaza. Alimgusa Vlasta shingoni.

"Shingo wazi, na baridi hii."

"Skafu iko kwenye nafasi yake, bibi. Ya tatu."

"Ah." Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayepewa salamu za mtu asiyemkumbuka. Kisha uso wake ukachangamka. "Na yule binti? Mwisho ikawaje?"

Vlasta angeweza kusema sijui. Alimfunga mkanda kwanza, akaunyoosha usimkabe, akamvutia koti lifunike magoti. Kisha akasema polepole, akimtazama machoni:

"Wakaoana."

Akangoja. Alijikuta ameinamisha kichwa, kola yake karibu na uso wa bibi, ili bibi aione vizuri kama siku ile ya haradali.

"Afadhali," alisema Bibi Ottilie, akampigapiga shavuni. "Nilikuwa na wasiwasi naye."

Sieglinde alifunga mlango. Gari lilikwenda mpaka kwenye taa, likangoja nyekundu, likakata kulia. Bi Traudl alisema njoo ndani unywe chai. Vlasta alisema anakuja, akabaki pale, mkono umeshika shingo.

Wakati huo huo, kule Opera, muziki wa nusu ya pili ulikuwa umeanza. Nyuma kulikuwa kumejaa. Watu walisimama bega kwa bega, wengine kwa vidole vya miguu. Ni kwenye nafasi ya tatu tu palipokuwa na pengo la upana wa mtu mmoja. Msichana mmoja mgeni alilitazama pengo, akamtazama Mzee Wenzel, akarudi nyuma. Mzee alikuwa macho. Jukwaani nguo za buluu zilianza kupeperushwa tena, upepo wake ukafika mpaka huko nyuma, na ncha za skafu zikatikisika kidogo.