Santuri Isiyotaka Ngoma

Norris Birkinshaw alitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha chuma na masizi yake usoni, akanawa kwenye beseni la jikoni, akatafuna mkate wa mafuta ya nyama amesimama. Kisha akaanza kupakia ngoma kwenye kigari cha mtoto wa dada yake.

"Na mtoto atalala wapi?" mama yake aliuliza.

"Kitandani kwako, Mama. Asubuhi hii tu."

"Na wewe utalala lini? Ukisinzia mbele ya tanuri, msimamizi hatakubembeleza."

"Leo tunatia sauti kwenye santuri. Nitalala nikizeeka."

Mama alisonya, lakini mvua ya Sheffield ilipoanza alitandua kitambaa cha plastiki mezani akaifunika ngoma.

Siku hizo bendi yao ilikuwa haijulikani hata ng'ambo ya reli. Walikuwa wanne: Norris, Trevor mwimbaji, na ndugu wawili wa akina Staniforth wenye magita. Santuri hiyo ingepelekwa kwa kampuni moja ya muziki ya London, na Norris alitaka jambo moja tu: ngoma yake isikike humo.

Studio ilikuwa chumba juu ya duka la mapazia. Mwenyewe, Bwana Wragg, alivaa koti jeupe kama daktari. Aliitazama ngoma ikipandishwa ngazi kama mtu aliyeletewa ng'ombe sebuleni.

"Hiyo haiingii."

"Haiingii vipi, mzee? Sisi bendi," alisema Trevor.

"Sindano yangu inachonga santuri papo hapo mnapopiga. Ngoma ikitikisa, sindano inaruka. Halafu huko London wana mpiga ngoma wao, anasoma noti. Huyu wenu hawana haja naye."

Maneno hayo yalimuuma Norris. Trevor alitazama sakafu.

"Samahani, Nori. Ndiyo nafasi tuliyopata."

"Pigeni bwana. Mimi nitakuwa msikilizaji," alisema Norris, akaketi karibu na mlango.

Santuri ya kwanza ilikuwa aibu. Gita moja lilikimbia, jingine likabaki nyuma, na Trevor akawa hajui amfuate nani. Wragg aliitupa kwenye pipa, akaweka nyingine.

Safari hii Norris hakuweza kuvumilia. Mguu wake ulianza wenyewe. Alikuwa bado na buti za kazini, zile zenye chuma mbele, na sakafu ilikuwa ya mbao: du, du, du-du. Magita yakashikana. Trevor akafumba macho akaimba kama mtu aliyelipiwa bia.

Wragg aliruka kitini. Lakini angesema nini? Neno lolote lingechongwa kwenye santuri. Alipunga mikono, akaweka kidole mdomoni, akakunja ngumi. Norris alimwitikia kwa kichwa, kwa adabu zote, akaongeza na mguu wa pili.

Wimbo ulipokwisha, Wragg alifoka, "Umeniharibia kazi, mshenzi wewe!"

"Sindano imeruka?" aliuliza Norris.

Haikuwa imeruka. Walisikiliza, na hata Wragg kidole chake kiligonga meza mara mbili kabla hajakikamata.

"Sawa," alisema. "Ninyi watatu nitawachongea nyingine, safi, ya London. Huyu atoke nje."

 Trevor alikuwa akibeba makaa ya mawe, kazi iliyomaliza mapafu ya baba yake, na London aliiota hata akiwa macho. Aliichukua santuri akaiingiza ndani ya koti.

"Itakwenda hii."

"Wataitupa!"

"Waitupe. Lakini wataisikia kwanza."

Hawakuitupa. London walijibu kwamba wimbo umewapendeza sana. Waje watatu, mpiga ngoma yupo. Jumamosi Trevor alisimama jukwaani kwenye klabu ya wafanyakazi, akawaeleza watu habari hiyo neno kwa neno.

"Wanasema hawana haja na Norris. Basi mnasemaje? Twende watatu?"

Walijibu kwa miguu. Alianza mzee mmoja wa tanuri, kisha meza ya pili, kisha ukumbi mzima: buti zikaangukia sakafu kwa pamoja, du, du, du-du, glasi zikaruka, bia ikamwagika, na Norris, nyuma ya ngoma yake, alicheka hata akashindwa kuuanza wimbo.