Mkono wa Dirisha la Nyuma

Kitufe kwenye skrini kilizama, kikainuka, kikazama tena, na mikono yote miwili ya Faridu ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

"Nani anabonyeza?" niliuliza.

Karani huyo wa zoezi la kuhama akapuliza chai yake. Mjukuu wangu Agustina, aliyesomea kompyuta Tarime mjini, ndiye aliyeisogeza pembeni picha ya nyumba mpya zenye mabati mekundu. Nyuma yake palikuwa na dirisha jingine. Majina yetu watu wa Kewanja yalipita humo moja baada ya jingine, na kwa kila jina, NAKUBALI ilijibonyeza.

"Bibi, ni programu inayojifanya kipanya," akasema. "Inabonyeza huku nyuma, cha mkononi hata hakitikisiki."

Wiki moja kabla nilikuwa nimekaa kwenye kiti hichohicho. Mgodi ulitaka eneo letu, na mkutano wa kijiji ukaamua kila mwenye kaya abonyeze mwenyewe: anakubali kuhama, au anakataa. Mimi niliishia darasa la saba. Kompyuta niliisikia redioni. Faridu, kijana ambaye shikamoo haimkauki mdomoni, akaniwekea kipanya kiganjani, akanifungulia zile picha za nyumba tulizoahidiwa. Nikazitazama zote kwa heshima yake. Kisha nikamwambia sihami. Mume wangu Mniko amelala nyuma ya jiko langu. Nihame nimwachie nani?

"Sawa, bibi," akasema.

Barua ikaja: Rhobi Mniko amekubali, saa nne na dakika sita. Saa nne na dakika sita nilikuwa bado natazama mabati! Ndiyo maana nilirudi na Agustina.

Nimewahi kuibiwa ng'ombe. Mwizi wa ng'ombe walau anaogopa mshale. Huyu alinikaribisha kiti.

Nikasimama. Foleni ya waliosubiri zamu ya kubonyeza ilikuwa imefika hadi nje.

"Kitendawili!"

"Tega," ikamtoka Faridu, kwa mazoea ya utotoni.

"Kinywa kimesema hapana, karatasi imesikia ndiyo."

Akainamisha macho.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Bibi, tuna kazi hapa..."

"Nipe mji!"

"Haya, chukua Mwanza."

Mlangoni jirani yangu Heche akaangua kicheko kisicho na furaha. "Anagawa tu huyu! Juzi Kewanja, leo Mwanza! Kesho atagawa mama yake!"

Faridu akaniinamia sikioni. Jina langu angelifuta sasa hivi, akanong'ona, langu tu, nikapumzike nyumbani. Hapo ndipo hasira ilipopanda hadi meno yakaniuma. Langu tu? Na la Heche? Na la Susana, mjane aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mtoto mgongoni?

Nikakaa tena. "Soma majina, Agustina. Kwa sauti. Anza na la kwanza."

Alisoma hadi adhuhuri. Kila aliyeitwa alijibu kwa mdomo wake, na wengi walimtukana Faridu kwanza. Sikuwakataza.

Zoezi lilirudiwa, kwa wino na dole gumba. Heche alikubali. Susana pia, na karibu wote. Sikuwalaumu, safari hii waliulizwa.

Mimi nilikataa. Uzio wa mgodi sasa unapita pale nilipokuwa naanika mtama, na hakuna jirani wa kumwomba moto. Asubuhi vumbi la malori hutua juu ya uji wangu. Naliengua kwa kijiko, nakunywa.