Soksi za Mzee Lutengano

Manyunyu yameanza tangu asubuhi na hayana dalili ya kukatika, na Ezelina Chaula amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha baba yake, anafuma. Mzee Lutengano hajala kitu cha maana wiki nzima. Anapokea maji kwa kijiko, kisha anageukia ukutani. Miguu yake haipati joto hata ikifunikwa mablanketi, ndiyo maana binti yake anamfumia soksi za sufu ya kijivu, na sasa amefika kwenye kisigino cha soksi ya pili. Amechoka, uchovu ule usioondoka kwa kulala. Nyuma yake yamepangwa maboksi ya vitabu vya mitumba ambavyo mzee aliviuza sokoni Makambako kwa miaka mingi, na juu yake kuna kopo la biskuti lenye karatasi alizozikuta ndani ya vitabu hivyo: tiketi za basi, picha za paspoti, risiti za fundi cherehani, hata jani lililokauka. Hakutupa hata moja. Mwenyewe anaweza kurudi, alikuwa akisema. Ezelina anahesabu mishono, hesabu inampotea, anaanza upya, kichwa kinainama, na mshono unaofuata unamkuta mahali pengine.

Yuko barabarani. Barabara ni nyeupe na laini, na inapinda kila anapoitazama. Nyumba za pande zote mbili zimebanana kama vitabu kwenye rafu, na kwenye maji yaliyotuama chini yake mji huohuo umesimama kichwa chini, watu wake wakitembea nyayo kwa nyayo na watu wa juu. Wote wako pekupeku. Kopo liko kwapani mwake na soksi mkononi, wala hajui alivichukua saa ngapi. Mtu anakuja kutembea naye. Hana uso, mahali pa uso pana weupe mtupu, kama ukurasa usioandikwa neno. Ezelina haogopi, kwa kuwa hata kuogopa kunataka nguvu. Anamuuliza barabara hii inakwenda wapi. Anayeifuata hafiki, mtu yule anajibu, na anayesimama hufikiwa. Ezelina anamwambia kwamba hana nguvu za mafumbo leo. Basi simama, anasema yule.

Anasimama, na watu wasio na nyuso wanaanza kumjia. Mwanamke anaomba tiketi yake ya Songea. Alikuwa anakwenda kumzika dada yake, anaeleza, akashukia njiani kwa woga, na tangu hapo hajafika popote. Ezelina anaitafuta koponi, anampa, na uso unamtokea mwanamke yule, macho kwanza, halafu kinywa, naye anashika njia yake. Mwingine anataka picha yake ya ujana. Mwingine anataka jani tu, hasemi la nini, na akilipokea analia. Kopo linapungua, foleni haipungui, mikono inamuuma, na bado anatoa, bado wanakuja, mpaka anaona miguu anayoijua, yenye kidole gumba kilichopinda, miguu anayoisugua mafuta kila siku. Ni baba yake. Nyusi zake zimeshafutika.

Baba, twende nyumbani, anasema Ezelina.

Mzee anatikisa kichwa. Niangalizie kwanza karatasi yangu, mama.

Ezelina anapekua kopo mpaka kwenye bati. Hamna kitu. Anamgeukia yule asiye na uso aliyekuwa akitembea naye, naye anamwambia kwamba asiye na karatasi hakusahauliwa. Bado kuna mtu aliyemshika. Hapo ndipo Ezelina anapoona kwamba mkono wake mwenyewe umekamata kwa nguvu kifundo cha mguu wa mzee, tena haujui kuachia. Anapiga magoti palepale barabarani.

Na mimi nimechoka, baba, anasema. Kuna asubuhi naamka naomba yawe yamekwisha.

Mzee hakasiriki. Najua, anasema. Nivalishe, halafu uniache nichague mwenyewe.

Anamvalisha soksi ya kwanza. Ya pili anaimalizia hapohapo magotini, watu wakisubiri, anaukata uzi kwa meno, anamvalisha, na vidole vyake vinaachia kimoja kimoja. Mzee Lutengano anaondoka. Ezelina anamfuata kwa macho, lakini mji wa juu na mji wa chini imefanana mno, na hawezi kujua kama anakwenda au anarudi.

Mama, kuna uji?

Mvua imekatika. Chumba kina mwanga mweupe ambao Ezelina haukumbuki. Baba yake amekaa kitako kitandani, nywele zimemvurugika, nyusi zake zote ziko mahali pake, na sauti aliyoulizia ni ile ya zamani, ya kuitia wateja. Ezelina anaogopa kwamba huenda bado yuko upande ule wa maji, na neno moja litaharibu kila kitu. Mzee anamtazama tu, anasubiri, kama mtu mwenye njaa.

Upo, Ezelina anasema hatimaye. Wa ulezi. Ngoja niupashe.

Anakwenda jikoni polepole, akiacha mlango wazi ili aendelee kumsikia akipumua.