Mwezi Tumboni mwa Mamba wa Taa

Usiku wa jana niliota nimekaa. Wenzangu huota wanaruka angani, wengine wanakimbizwa na nyoka. Mimi nilikaa tu, na kukaa kwangu ndiko kulikokuwa kunazuia Usiku wa Mamba usife.

Kwa asiyejua, Usiku wa Mamba ni onyesho la maji, taa na fataki, linafanyika kila Jumamosi kwenye bustani moja ya michezo nje kidogo ya Morogoro. Lina miaka kumi na tisa. Nilianza kulitazama Mbazi wangu akiwa mgongoni, na sasa Mbazi ana ndevu. Mamba mwenyewe ni wa chuma, amezungushiwa taa kuanzia puani mpaka mkiani, anavutwa kwa waya katikati ya bwawa. Jicho lake la kushoto liliungua zamani. Menejimenti waliwahi kulitengeneza, sisi mashabiki tukalalamika mpaka wakalizima tena.

Kisa chake ni kifupi. Mwezi unashuka kunywa maji, mamba anaumeza. Muziki unakatika, taa zote zinazimika, giza tupu. Hapo wageni hupiga makofi, wakakusanya watoto wao na kukimbilia chipsi. Sisi wenyeji hatusimami ng'o. Tunabaki gizani tunacheka chini chini, tunawaaga, "Haya, nendeni salama!" Maana giza lile ni la uongo. Ukivumilia kidogo tu, mamba anautapika mwezi, na maji yanaruka juu mpaka unasahau ulikuja na nani. Kwa hiyo kuna watu mjini hapa wanajisifu wamelitazama onyesho, na hawajaona chochote. Mimi watu hao siwasahihishi, nawaacha na chipsi zao.

Sasa Jumamosi iliyopita wakatutangazia kwamba linafungwa. Badala yake wanaleta skrini. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu, mume wangu Elinami ndiye aliyenivua. Na kila usiku wiki hii nimelala na jambo hilo kifuani.

Basi kwenye ndoto niko mahali pangu, ngazi ya chini kabisa ya saruji, ukingoni mwa bwawa. Mamba keshaumeza mwezi. Giza. Wageni wanaondoka, kama kawaida yao. Halafu naona na wenyeji wanakunja mikeka.

"Jamani, bado!" nawaambia. "Kaeni, bado!"

Hakuna anayegeuka. Nabaki peke yangu.

Ukutani kuna bango la bati lililoandikwa: TAFADHALI USISIMAME KABLA ONYESHO HALIJAISHA. Bango likakohoa.

"Mama Mbazi," likasema, "umebaki wewe tu."

"Naona."

"Nikuambie kitu. Kama mtu haruhusiwi kusimama kabla onyesho halijaisha, basi onyesho nalo haliruhusiwi kuisha kabla mtu wa mwisho hajasimama. Sheria ni moja, ina pande mbili, kama mimi."

"Upande wako wa nyuma umeandikwa nini?"

"Bei za soda za zamani."

Nikafikiri kidogo. "Kwa hiyo nikiendelea kukaa?"

"Liko hai."

"Na nikisimama?"

"Limekwisha, moja kwa moja. Mwezi unabaki humo humo tumboni."

Nikashusha pumzi. Nilidhani nitapewa kazi ngumu. Kukaa nakuweza.

Mamba akasogea karibu, waya wake ukilia kwichi kwichi. "Ahsante, mama," akasema. Mdomo ulipofunguka nikaona mwanga kidogo kwa ndani, kama taa ya friji.

"Unauma?"

"Unawasha. Kawaida nautapika mara moja. Leo umekaa mno, naona umeanza kuganda."

"Vumilia, baba."

"Wewe ndiye uvumilie," akasema. "Mimi nimefungwa waya, sina pa kwenda."

Hapo kikaja kipaza sauti, kinatembea kwa miguu yake mitatu. "Mabibi na mabwana! Tunaomba wote tusimame kumpokea mgeni rasmi!"

Watu wote walioondoka wametokea tena, wamesimama mistari miwili, wanapiga makofi ya kilo. Katikati yao anapita mgeni rasmi. Ni skrini, kubwa kama ukuta wa godauni, imevaa tai. Shingo haina, tai imefungwa hivyo hivyo tu.

"Yule mama pale chini," kinasema kipaza sauti, "tusimame."

"Nimekaa."

"Ni mgeni rasmi, mama."

"Karibu sana, mgeni rasmi," nikasema, nikiwa nimekaa.

Skrini ikanionyesha picha yangu mwenyewe, nimekaa, kubwa kuliko nyumba. "Unajiona ulivyo?" ikauliza.

"Najiona. Kitenge kimenikaa vizuri."

Ikajaribu njia nyingine. Kipaza sauti kikasema tusimame kwa sala ya ufunguzi. Nikajibu kwamba Mungu anawasikia na waliokaa. Kikanong'onezwa kitu na skrini, kikainamisha kichwa. "Basi tusimame dakika moja," kikasema kwa sauti ya chini, "kumkumbuka marehemu mamba."

Hapo nilikasirika, nisiseme uongo. "Marehemu yupi? Mnamsimamia mtu ambaye bado anapumua? Hamna haya?"

"Nipo," mamba akasema kutoka majini.

"Umesikia? Yupo!"

Mara bustani hakuna. Nimekaa kwenye benchi la mbao kwenye ofisi ya vitambulisho, nimebanwa na watu wengine wa foleni, na nimekuwapo tangu asubuhi. Mtandao ulikuwa umekatika. Ghafla dirishani dada mmoja anapiga kelele, "Mtandao umerudi! Nakijwa Mchome! Nakijwa Mchome, dirisha la tatu, haraka kabla haujakata tena!"

Nakijwa Mchome ni mimi. Jamani, nyie mnaijua foleni ile. Mtandao umerudi, jina lililoitwa ni langu, na nisisimame? Makalio yangu yaliachana na benchi nusu kidole. Wa nyuma yangu wakaanza kunisukuma: "Mama, unaitwa! Mama, vipi wewe?" Nikainua macho dirishani, nikamwona yule dada vizuri. Amevaa tai, na shingo hana.

Nikaketi tena kwa kishindo. "Apite anayefuata," nikasema.

Benchi likawa saruji, na maji ya bwawa yakarudi miguuni pangu. Bango likanipongeza. Mamba alikuwa amelalia upande mmoja, mwanga mdomoni mwake umefifia.

"Mama Mbazi," akasema, "mwezi unakuwa baridi."

"Vumilia kidogo."

Nilikuwa nimechoka lakini nina furaha, nikawaza kwamba hakuna tena kitu cha kuniinua. Kumbe!

Nikasikia viatu vya raba vinashuka ngazi. Hatua zile nazijua. Ni mama mkwe wangu, mama yake Elinami, ametoka Usangi kule juu milimani Upareni. Kichwani ana mkungu wa ndizi, mkononi kikapu, mgongoni fuko la sijui nini. Bustani ile hajawahi kuikanyaga maishani mwake. Kila nikimsimulia habari za mamba hunijibu, "Mtu mzima na akili zako, unatoka nyumbani kwenda kutazama bomba lililopasuka."

Na kwetu sisi, mgeni akitokea na mzigo hafiki nao. Unainuka, unamkimbilia, unampokea mzigo hata kabla ya salamu. Hata kama una homa. Hata kama jana mmegombana. Mkwe anayeketi akitazama huku mama mkwe ana mkungu wa ndizi kichwani, habari zake zitasimuliwa misibani mpaka wajukuu wazeeke.

Skrini ikawaka taratibu. Ilikuwa inatabasamu.

Magoti yakaanza kuinuka yenyewe. Magoti yangu yamelelewa vizuri. Nikayakandamiza kwa mikono miwili, jasho linanitoka.

"Shikamoo, mama," nikasema. Nimekaa.

Mama mkwe akasimama palepale na mkungu wake. "Marahaba." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Una mimba?"

"Hapana, mama. Umri huu!"

"Miguu imekufa ganzi?"

"Mizima, mama."

"Kwa hiyo umekaa tu."

"Nimekaa tu, mama."

Machozi yakanishuka. Nikaona kama ni kuaibika, basi niaibike nimesema ukweli. "Mama, nisamehe. Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto. Lakini nikisimama, yule pale anakufa. Na mimi Jumamosi sina kingine. Watoto wamekua, Elinami saa mbili keshalala. Wiki nzima mimi ni mama wa fulani na mke wa fulani na fundi wa sare za watu. Ni kwenye giza lile tu ndiyo najisikia Nakijwa. Usinichukie, mama."

Mama mkwe akamgeukia mamba, akamtazama sana.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona ana jicho moja?"

"Tumemzoea hivyo."

"Amekula nini?"

"Mwezi."

"Mzima mzima?"

"Mzima, mama."

"Bila hata maji ya kushushia," akasema, akatikisa kichwa. Halafu akautua mkungu mwenyewe. Mimi nipo, nina mikono miwili, na mama mkwe anatua mkungu mwenyewe! Nikafumba macho nisione.

Nilipoyafumbua, alikuwa amesimama mbele yangu, anakusanya gauni lake.

"Sogea," akasema.

Akaketi kando yangu.

Nyie, sijawahi kufurahi vile. Siku ya harusi yangu nilifurahi, lakini viatu vilibana. Hapa nilifurahi mwili mzima. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mimi nilipona palepale kwenye saruji. Nikamshika mkono, naye hakuutoa.

"Na wewe baba uliyevaa tai!" mama mkwe akaiita skrini. "Umesimama mbele za watu, sisi tunaona nini? Kaa chini!"

Skrini ikajitafuta kiuno, ikakosa, ikaishia kulala kifudifudi. Wale wa mistari miwili wakatazamana. Mama wa watu keshasema. Mmoja akakaa, na wa pili, na wote. Wakatandika mikeka yao tena huku wanajifanya hawakuwahi kuikunja. Kipaza sauti nacho kikakunja miguu yake mitatu.

"Tatizo," mamba akasema kwa shida, "umeganda. Nimeukawiza. Hautoki."

Mamba wangu wa watu! Baada ya yote yale.

"Lete mgongo," mama mkwe akasema.

Mamba akajivuta mpaka ukingoni. Mama mkwe, bila kuinuka, akamchapa katikati ya mabega, kofi la wazi, kama anavyochapwa mtoto aliyepaliwa na ugali. Taa zikayumba. Akamchapa tena. "Kohoa!" anamwambia. "Kohoa, baba, usione haya!"

Mamba akakohoa, na mwezi ukatoka.

Mimi nimeuona ukitapikwa mara nyingi, na najua ubora. Kuna siku unatoka umepinda, kuna siku fataki zinautangulia, mara nyingine muziki unachelewa na mzuka wote unaharibika. Huu wa jana ulitoka mviringo, mweupe, unanuka samaki kidogo. Ukapanda. Maji yakaufuata, yote kwa pamoja, juu kuliko minazi, na fataki zikapasuka kushoto na kulia, na kila mtu kwenye ngazi akasema "Aaaa!" kwa pumzi moja. Halafu maji yale yakashuka, na pale chini kabisa hayana mzaha. Yalitumwagikia kama ndoo.

"Uwiii!" akalia mama mkwe. Kitambaa cha kichwa kimemwangukia machoni, gauni limemganda mwilini. Nikajua sasa nimekwisha. Akafuta uso, akatazama juu, akapiga vigelegele. Virefu! Vile anavyomhifadhia mtoto wa kwanza wa ukoo.

"Sasa mnaweza kusimama," bango likasema kwa upole. "Limeisha la leo tu."

Tukasimama pamoja, tumelowa, tunacheka. Nikauinua mkungu wa ndizi nikaubeba mimi.

Nikaamka. Kumekucha, Elinami anakoroma, jogoo wa jirani anajisemesha. Nikachukua simu. Kwenye kundi letu la mashabiki kulikuwa na ujumbe mmoja mfupi: bustani imeghairi, Usiku wa Mamba unaendelea. Sababu hawakutoa. Nikausoma mpaka Elinami akaamka na kuuliza nalilia nini. Nikamwambia nimefurahi, alale.

Simu ikalia mkononi. Mama mkwe, kutoka Usangi. Huwa hapigi asubuhi hivyo, labda pawe na msiba.

"Shikamoo, mama. Kuna nini huko?"

"Marahaba. Hakuna kitu, tu wazima." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nakijwa."

Tangu niolewe hajawahi kuniita jina langu.

"Abee, mama."

"Jumamosi nakuja. Mwambie Elinami aniangalizie basi."

Nikamwambia tu karibu sana, mama, karibu sana.

"Lakini safari hii tukae juu kidogo," akasema. "Lile gauni nimelianika, halijakauka mpaka sasa."