Nusu ya Wimbo wa Bibi Henye

Mpumbavu wa siku ile nilikuwa mimi, na cheo hicho asininyang'anye mtu, maana nilikitolea jasho.

Nilikuwa na nusu ya wimbo. Niliipata katika maktaba moja ya mbali, kwenye karatasi iliyoungua upande wa chini. Ulikuwa wimbo ambao wapiga fidla wa Kiyahudi wa mji mmoja wa Bukovina, Ulaya ya mashariki, walimpigia bibi harusi anapoketishwa kitini, alie kidogo kabla hajafunikwa shela. Wapigaji wenyewe waliuawa vitani, wote. Nusu ya pili ilibaki kichwani mwa mtu mmoja tu, Bibi Henye, binti wa mpiga fidla mkuu wa mji ule. Ana miaka tisini na moja, na anakaa hapa hapa kwetu Antwerp na binti yake, Tsirl.

Kikwazo nilikijua: mwanamke wa dini yetu haimbi mbele ya mwanamume wa nje. Wiki nzima nikapekua vitabu kutafuta rabi aliyelegeza kamba. Nikapata watatu. Nikanyoa ndevu, nikavaa koti safi, nikabeba fidla na kinasa sauti, huyoo.

Bibi Henye alinisikiliza hadi rabi wa pili, kisha akacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza.

"Zishe, baba, marabi wako waweke akiba. Kwa sauti hii nitampotosha nani? Labda kunguru."

"Basi utaimba, Bibi?"

Akanitazama kidevu. "Leo siku ya ngapi?"

Nikajishika kidevu kitupu. Tulikuwa ndani ya zile wiki saba baada ya Pasaka yetu Wayahudi, tunazozihesabu siku kwa siku kwa maombolezo: hakuna harusi, hakuna kinyozi, hakuna muziki. Mtoto wa chekechea anajua. Mimi nilihangaika kuruka katazo moja, nikatua juu ya lingine kwa miguu yote miwili.

"Ya kumi na mbili," nikasema.

"Tsirl, njoo umwone huyu! Kanyoa, na fidla kabeba! Hata jirani yetu Mkatoliki angeona haya."

"Bibi, huu ni utafiti tu, si starehe."

"Baba yangu siku kama hizi fidla aliifungia kabatini, nasi tukala viazi vitupu kwa kuwa harusi hazipo. Leo nimvunjie heshima kwa ajili ya kidude chako hicho? Siku ya thelathini na tatu muziki unaruhusiwa. Njoo, nitakuimbia mpaka unikimbie."

Nikahesabu kama mfungwa. Kila asubuhi nilimpigia Tsirl simu.

"Anakula?"

"Kuliko wewe."

"Hakohoi?"

"Zishe, acha kumpapasa mama yangu kama kuku wa sokoni."

Siku ya ishirini na tisa Bibi Henye alipigwa na kiharusi.

Siku ya thelathini na tatu nilikwenda, ndevu zimeota kama za mtu mwema. Bibi Henye alikuwa kitandani, macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja, sauti hana. Nikapiga nusu yangu. Akageuza kichwa. Nikafika karatasi ilipoungua, nikanyamaza.

Vidole vyake havikunyamaza. Vya mkono ule mzima vilikuwa vikipiga juu ya blanketi, vikaendelea: vikatembea, vikasita, vikakimbia mara tatu, vikangoja, vikashuka polepole hadi mwisho. Mapigo yote niliyaona. Tuni sikupata hata chembe. Kinasa sauti kilinasa mchakacho wa blanketi la sufu tu.

Nikajaribu kumfuata kwa fidla, nikibahatisha. Akakunja uso kama aliyetiwa siki mdomoni. Nikabahatisha tena. Mkono ukalala.

Jikoni Tsirl alikuwa akimimina chai. Hasira zikanipanda, na mwenye kuzipokea alikuwa yeye tu.

"Dakika mbili, Tsirl! Angeniimbia dakika mbili siku ile, leo tungekuwa nao. Mungu angepungukiwa nini? Sheria zenu zimeuzika wimbo mzima mzima!"

Alinisogezea kikombe, akaweka na sukari.

"Sheria ilikuzuia siku ishirini na moja, Zishe. Umekaa mtaa wa pili kutoka hapa miaka ishirini na sita. Hizo siku nyingine alikuzuia nani?"