Nicolaus Aacha Bunduki

Daktari alimwambia Nicolaus bila kuzunguka: sikio la kulia limekufa, na la kushoto litafuata akiendelea kupiga bunduki. Huo ulikuwa mwaka 2012. Kwa miaka tisa alikuwa akiondoka mtaani kwake Mount Dennis kila vuli kwenda kaskazini kuwinda na wenzake wa gereji. Aliuza bunduki, akawa anashinda kwenye kochi Jumamosi nzima, hataki kuongea na mtu.

Mkewe, Leokadia, alimvumilia majira ya baridi yote. Mwezi wa tano akaleta nyumbani upinde wa mtumba.

"Mama Clara, huo si mchezo wa watoto?"

"Basi nitaucheza mimi."

Bondeni, chini ya maghorofa ya Thorncliffe Park, kuna uwanja wa wazi wa kulenga shabaha. Nicolaus alisema anampeleka kwa gari tu. Lakini alipoona mishale ya mkewe inaishia majanini, uvumilivu ukamwisha. Akauchukua upinde, akavuta, akaachia. Wake nao ukaishia majanini. Leokadia alicheka mpaka akakaa chini.

Wakawa wanakwenda kila wiki. Mabega yalimuuma, kamba ikamchuna mkono. Kilichomsumbua zaidi ni umbali. Kwa bunduki alizoea kumwangusha mnyama aliye mita mia mbili. Sasa zaidi ya ishirini na tano hakujiamini.

"Hapo karibu mnyama atanisikia nikipumua," alilalamika.

"Jifunze kupumua polepole."

Mwaka uliofuata Leokadia naye alifanya kozi ya uwindaji, na jina la Nicolaus likatoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda elki, kulungu wakubwa wa misitu ya kaskazini.

Septemba, msituni karibu na Bancroft, walikaa siku tatu bila kuona chochote. Asubuhi ya nne Leokadia alisikia matawi yakivunjika upande ambao mumewe hasikii. Akamshika goti. Elki dume akatokea, mkubwa kama ng'ombe, pembe zimetanda juu ya kichwa. Mita arobaini. Nicolaus akainua upinde.

Leokadia akalibana goti kwa nguvu: bado.

Nicolaus akaushusha. Elki akala majani, akasogea, akasimama, akasogea tena. Sasa Nicolaus alimsikia akitafuna. Elki alipogeuka ubavu, mita ishirini hivi, Leokadia aliondoa mkono.

Kamba ililia kidogo tu. Elki alikimbia hatua chache, akayumba, akaanguka.

Walisubiri nusu saa bila kusogea, kama walivyofundishwa. Nicolaus alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Miaka tisa," alisema, "sijawahi kumsikia mnyama hata mmoja akila."

"Sasa tunaye mmoja wa kumbeba," Leokadia alisema, akitoa visu na magunia ya nyama. "Tutarudi hapa mara ngapi mpaka nyama yote ifike garini?"

"Mara sita. Labda saba."

"Haya, shika mguu. Na mwakani napiga mimi, Baba Clara."

Nicolaus akakunja mikono ya koti, akaanza kumwelekeza pa kukata kwanza.